Jengo Linapoporomoka: Nani Alikula Akiba ya Nguvu?

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, asubuhi, watu wakiwa katika shughuli zao. Waokoaji walikuwa bado wanawatafuta waliofukiwa, na majibu yalikuwa yameshaenea mji mzima. Wapo waliosema ni nondo feki. Wapo waliosema ni uchimbaji wa chini ya jengo, uliofanywa ili kupata nafasi zaidi ya biashara. Wengine walilaumu saruji za siku hizi, wengine mafundi, wengine manispaa. Serikali ikaunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo, na mjadala ukaendelea kama ulivyoanza: kila mtu na mshtakiwa wake.

Mjadala huo si mgeni. Ulisikika baada ya Ijumaa Kuu, 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilipoanguka na kuua watu 36. Ulisikika Nairobi baada ya 29 Aprili 2016, jengo la makazi la ghorofa sita lilipoporomoka Huruma, kando ya mto, usiku wa mvua kubwa, na kuua watu wapatao 50. Kila mara wananchi wanabaki na maswali mawili: ni kitu gani hasa kilichoshindwa, na kifanyike nini ili kisishindwe tena?

Hoja zinazotolewa ni nyingi, na karibu kila moja ina ukweli ndani yake. Ugumu ni kwamba hakuna hata moja inayotosha peke yake, na kila moja inadai dawa tofauti yenye gharama tofauti. Ili kuzipima, lazima kwanza kueleweke jengo linabebaje mzigo.

Zege, nondo na akiba

Zege lina nguvu nyingi likikandamizwa na nguvu kidogo sana likivutwa. Nguvu yake ya kuvutwa ni takriban sehemu moja ya kumi ya ile ya kukandamizwa, na ndiyo sababu linawekewa nondo. Katikati ya bimu, upande wa juu unakandamizwa na wa chini unavutwa, hivyo nondo kuu hulazwa chini. Kwenye nguzo hali ni nyingine. Karibu eneo lote linakandamizwa, kazi kubwa inabaki kwa zege lenyewe, na ringi zinazifunga nondo zisipinde kutoka nje.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani anapona. Bimu iliyosukwa vizuri ikizidiwa hutoa taarifa: inalegea, inaonyesha nyufa upande wa chini, milango inaanza kukwama. Watu wanapata siku, pengine wiki, za kutoka. Nguzo iliyozidiwa haina subira hiyo. Zege lake hupasuka ghafla, na mzigo wake unahamia palepale kwa nguzo za jirani, ambazo huenda nazo zimeshakaribia ukomo. Ghorofa ya juu inaishukia ya chini, na ya chini inaishukia inayofuata.

Kwa kuwa hakuna anayejua kikamilifu ubora wa kila toroli la zege wala uzito wa kila kitu kitakachoingia ndani ya jengo, kanuni za usanifu zinaweka akiba. Kanuni ya BS 8110, iliyotumika Uingereza hadi mwaka 2010 na ambayo wahandisi wengi wa Afrika Mashariki wamesomeshwa nayo, ilimtaka mhandisi auzidishe uzito wa jengo lenyewe kwa 1.4 na uzito wa watumiaji kwa 1.6, kisha agawanye nguvu ya zege kwa 1.5. Kwa hiyo zege la jengo lililosanifiwa na kujengwa kwa kufuata kanuni linakuwa na uwezo wa zaidi ya mara mbili ya mzigo wake wa kila siku. Akiba hiyo haionekani kwa macho. Mwenye jengo hawezi kuipangisha wala fundi hawezi kuionyesha, na kwa sababu haionekani kila mmoja anaichota akiamini kwamba ni yeye peke yake anayechota.

Hesabu ya nguzo moja

Chukua mfano wa nguzo ya kawaida ya mtaani, milimita 230 kwa 230, upana uleule wa ukuta, yenye nondo nne za milimita 16. Tuseme kila ghorofa inaipa eneo la mita 3.5 kwa 3.5 kulibeba. Ukijumlisha slabu ya milimita 150, kuta, lipu, vigae na watu, mzigo kwa ghorofa moja unafika takriban tani 11.3. Jengo la ghorofa nne linaipa nguzo ya chini tani 45.

Zege likiwa la nguvu ya newtoni 25 kwa kila milimita ya mraba, na nondo za newtoni 460, nguzo hiyo itafika ukomo kwenye tani 127 hivi, endapo imesimama wima na mzigo umekaa katikati. Akiba ni kubwa.

Sasa zege likichanganywa vibaya na kutoka na nguvu ya newtoni 10, ukomo unashuka hadi tani 73. Jengo bado limesimama, na kwa mpita njia halina tofauti na jingine lolote. Mwenye jengo akiongeza ghorofa mbili, mzigo unapanda hadi tani 68. Bado limesimama. Kisha ghorofa moja inageuzwa stoo. Viwango vya Uingereza vinahesabu makazi kwa kilo 150 hivi kwa kila mita ya mraba, lakini stoo ya bidhaa kwa kilo 240 kwa mita ya mraba kwa kila mita ya kimo cha mzigo. Mabunda yakipangwa hadi mita tatu, hiyo ni zaidi ya kilo 700, karibu mara tano ya makazi. Nguzo yetu inaongezewa tani saba na kufika 75.

Ukomo wake ulikuwa 73.

Hakuna kosa hata moja kati ya hayo matatu ambalo lingeliangusha jengo peke yake. Zege dhaifu tu lingebaki na akiba ya mara 1.6. Ghorofa mbili za ziada juu ya zege zuri zingeacha akiba ya karibu mara 1.9. Stoo peke yake isingeonekana kabisa. Hesabu hii imerahisishwa, haikuingiza nguzo kupinda wala mzigo kukaa pembeni, mambo ambayo yote hupunguza ukomo zaidi. Lakini inaonyesha kwa nini mashahidi wawili wanaweza kutaja sababu mbili tofauti za ajali moja na wote wakawa wanasema kweli.

Inajibu pia swali linaloulizwa kila mara: mbona jengo lilisimama miaka kumi? Zege linalobebeshwa mfululizo zaidi ya takriban asilimia 80 ya nguvu yake halitulii. Nyufa ndogo ndani yake zinaendelea kukua polepole, bila sauti, hadi siku isiyo na upepo wala tetemeko. Kusimama kwa miaka mingi si cheti cha usalama.

Hoja ya kwanza: vifaa vibovu

Hoja hii inapendwa kwa sababu inampa kila mtu adui aliye nje ya eneo la ujenzi. Ina nguvu zake. Nondo inayouzwa kama ya milimita 12 lakini ikawa na 10.5 imepoteza karibu asilimia 23 ya eneo lake, na kwa jicho huwezi kuigundua. Kwa mizani unaigundua mara moja: nondo kamili ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.7, na ile nyembamba ina kilo 8.2. Nondo zinazotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu zinaweza kuwa nzuri kabisa, ila zinahitaji kiwanda kinachopima kila mkupuo, kwa sababu chuma chenye mchanganyiko mbaya huweza kuwa kigumu lakini kikakatika bila kunyooka kwanza.

Kuhusu saruji, lawama nyingi zimepotea njia. Sokoni kuna daraja 32.5 na 42.5, namba inayoonyesha nguvu ya saruji baada ya siku 28 katika jaribio la maabara. Saruji nyingi za daraja 32.5 zimechanganywa na majivu ya volkano au mawe ya chokaa. Zinapunguza gharama na moshi wa viwandani, na si feki. Zinachohitaji ni kumwagiliwa maji siku nyingi zaidi na fomu na mirunda kukaa muda mrefu zaidi, kwa kuwa zinakomaa taratibu. Fundi aliyejifunza uwiano wa moja kwa mbili kwa nne na siku za kufungua fomu kwa saruji ya zamani anaweza kufanya kila kitu kama alivyofundishwa na bado akatoa zege changa.

Nigeria ilijaribu kulitatua jambo hili kwenye mfuko. Mwaka 2014 shirika la viwango la nchi hiyo liliamuru daraja 32.5 litumike kwa lipu tu, na nguzo, bimu na slabu zijengwe kwa 42.5. Tarehe 1 Novemba 2021 jengo la ghorofa 21 lililokuwa likijengwa Ikoyi, Lagos, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 40. Kibali chake, kwa mujibu wa mamlaka, kilikuwa cha ghorofa 15. Amri juu ya mfuko haikuweza kuzuia makosa yaliyofanyika nje ya mfuko.

Udhaifu mkubwa zaidi wa hoja ya vifaa ni kwamba inasahau maji. Mwaka 1918, huko Chicago, Duff Abrams alionyesha kwa majaribio mengi kwamba, vifaa vikiwa vilevile, nguvu ya zege inatawaliwa na uwiano wa maji kwa saruji. Mfuko wa kilo 50 unatosheka na lita 25. Fundi akimimina ndoo mbili za lita 20 ili zege liteleze vizuri kwenye fomu, uwiano unapanda kutoka 0.5 hadi 0.8 na nguvu inashuka chini ya nusu. Mchanga uliolowa mvua nao unakuja na maji yake ambayo hakuna aliyeyahesabu. Zege likikosa kushindiliwa kwa vaibreta na kubaki na mashimo ya hewa ya asilimia tano, theluthi moja hivi ya nguvu inaondoka tena. Saruji halisi, nondo halisi, kokoto safi, na bado nguzo ni dhaifu.

Pwani ina ziada yake. Mchanga wa bahari unaingiza chumvi ndani ya zege, na chumvi inaivua nondo kinga yake. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo inalipasua zege kutoka ndani. Unene wa zege linaloifunika nondo, ambao bara unaweza kuwa milimita 25 ndani ya nyumba, kwenye upepo wa chumvi unapaswa kuongezwa hata mara mbili. Milimita hizo chache ndizo zinazoamua kama jengo la Mombasa au Unguja litaishi miaka 15 au 60.

Hoja ya pili: fundi na mhandisi asiyeonekana

Wanaoshikilia hoja hii wanasema kosa liko kwa watu. Mhandisi anagonga mhuri kwenye michoro na haonekani tena. Mkandarasi aliyeandikwa kwenye bango si yule anayejenga. Fundi anaamua mwenyewe idadi ya ringi.

Mimi naiona hoja hii kuwa nzito kuliko ya vifaa, kwa sababu karibu makosa yote ya maji, vaibreta na ringi yanafanyika ndani ya saa chache za kumwaga zege, na baada ya hapo yamefichwa milele. Mtu mmoja mwenye ujuzi na mamlaka ya kusema "simamisha" akiwepo saa hizo, sehemu kubwa ya akiba inaokolewa. Lakini hoja hii inamwonea fundi. Fundi hapangi ratiba wala bajeti. Anapoambiwa slabu iishe kabla ya jua kuzama na vibarua wanalipwa kwa siku, maji ya ziada ndiyo njia rahisi ya kuharakisha. Anafanya hivyo mbele ya kila mtu, na hakuna anayemkataza kwa kuwa hakuna anayejua bei yake.

Kuna pia suala la muda ambalo halisemwi vya kutosha. Ubora wa zege hupimwa kwa vipande vya mchemraba vya milimita 150 vinavyopondwa maabara siku ya 28. Kwenye ujenzi unaokimbia, siku ya 28 inafika slabu mbili zikiwa tayari juu ya nguzo inayopimwa. Majibu mabaya yakija, uamuzi wa kitaalamu unageuka kuwa uamuzi wa kubomoa mamilioni ya shilingi, na ni mhandisi gani kijana aliyeajiriwa na mkandarasi atakayeusimamia? Zaidi ya hapo, vipande hivyo mara nyingi hutengenezwa na mkandarasi mwenyewe, ambaye ana kila sababu ya kuvichagulia toroli bora la siku.

Jaribio la koni ni la bei nafuu zaidi. Ni koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300: unaijaza zege bichi, unaiinua, unapima limeshuka kiasi gani. Linachukua dakika chache na linaonyesha maji yaliyozidi kabla zege halijaingia kwenye fomu. Halipimi nguvu, na hapo ndipo udhaifu wake. Ila linapatikana wakati uamuzi bado hauna gharama.

Hoja ya tatu: udongo na matumizi mapya

Kuchimba pembeni au chini ya msingi uliopo ni hatari kwa sababu iliyo wazi: udongo unaobeba nguzo unashikiliwa na udongo ulio kando yake. Ukiuondoa wa kando, wa chini unasogea, nguzo moja inashuka milimita chache kuliko wenzake, na mzigo unagawanyika upya kwa namna ambayo hakuna mchoro ulioitarajia. Mvua kubwa na kingo za mito hufanya kazi hiyohiyo bila jembe.

Hoja hii inaeleza vizuri kwa nini majengo yanaanguka siku fulani. Haielezi kwa nini hayakuwa na akiba ya kuvumilia. Inafaa kuchukuliwa kama kichocheo, na kwa mitaa kama Kariakoo, ambako nyumba za kuishi zimegeuka maduka na stoo huku mwenye kiwanja akitafuta kila mita ya biashara, kichocheo hicho kitaendelea kuwepo hata kama vibali vyote vya uchimbaji vitasimamishwa kesho.

Hoja ya nne: sheria na adhabu

Kundi la nne linasema sheria zipo ila hazisimamiwi. Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Wahandisi, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, Shirika la Viwango na halmashauri zinazotoa vibali. Kenya ina Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na kwa zaidi ya nusu karne ilitegemea kanuni za majengo za mwaka 1968 hadi zilipokuja kanuni mpya za mwaka 2024.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inagusa hamu ya faida. Ghorofa ya ziada inamlipa mwenye jengo kila mwezi, na hatari yake inabebwa na mpangaji. Bila sheria yenye meno, hesabu hiyo haibadiliki. Seoul iliona matokeo yake 29 Juni 1995, duka kubwa la Sampoong lilipoanguka na kuua watu 502. Nguzo zilikuwa nyembamba kuliko zilizostahili, ghorofa ya tano iliongezwa, mitambo mizito ya viyoyozi ikaburutwa juu ya paa, na siku yenyewe nyufa zilionekana lakini duka halikufungwa. Waliohusika walifungwa, wakiwemo maofisa wa serikali ya mtaa waliopokea rushwa.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza, kibali kinaidhinisha mchoro. Mkaguzi akifika mara mbili katika mwaka mzima wa ujenzi, hakuwepo siku ndoo ya maji ilipomiminwa. Na mamlaka yakigawanywa kwa taasisi tano, kila moja inaweza kuonyesha kwa haki kwamba kipande chake kilikamilika. Pili, adhabu kali inafunga midomo. Mhandisi anayejua kwamba kukiri kosa dogo kutamnyima leseni hatalisema, na kosa hilo dogo lingeweza kuwafundisha wenzake mia.

Majengo ambayo tayari yamesimama

Mjadala mwingi unahusu majengo yajayo, ilhali maelfu ya watu wanalala leo ndani ya yaliyopo. Kuyapima kunawezekana. Nyundo ya Schmidt, iliyobuniwa Uswisi mwishoni mwa miaka ya 1940, inagonga uso wa zege na kusoma inavyoruka. Ni ya haraka na haiharibu kitu, lakini inasoma ngozi tu, na ngozi ya zege kuukuu huwa ngumu kuliko moyo wake kwa sababu ya hewa ya kaboni. Ikitumika peke yake inatoa faraja ya uongo. Kutoboa na kutoa kipande cha ndani kikapondwa maabara kunatoa jibu la kweli zaidi, kwa gharama kubwa zaidi, na kila tundu linataka uangalifu ili lisikate nondo.

Umri nao una hesabu yake, hata pale pasipo na ulafi. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, ilianguka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, na mafundi wakapoteza maisha. Mawe ya matumbawe na chokaa huvumilia vizazi vingi maadamu maji yamezuiliwa kuingia. Yakiingia, ukuta unapoteza nguvu polepole, na ukarabati wenyewe, unapoondoa kitu kimoja ili kukibadilisha, unaweza kuondoa kilichokuwa kikiubeba.

Maarifa yanayofungiwa kabatini

Uhandisi wa miundo umejengwa juu ya majengo yaliyoanguka. Tarehe 16 Mei 1968, mlipuko mdogo wa gesi ya jikoni kwenye ghorofa ya 18 ya Ronan Point, London, ulisukuma ukuta mmoja nje, na kona nzima ya jengo la ghorofa 22 ikaporomoka. Walikufa watu wanne. Ripoti ya uchunguzi ilichapishwa mwaka huohuo, na mwaka 1970 kanuni za Uingereza zilianza kutaka majengo marefu yafungwe pamoja kwa namna ambayo kuondoka kwa nguzo au ukuta mmoja hakuangushi yote. Wanafunzi wa uhandisi dunia nzima bado wanalisoma jengo hilo. Tangu mwaka 2005 Uingereza ina pia mfumo uitwao CROSS, ambapo mhandisi anaripoti kwa siri kosa au ajali iliyonusurika, majina yanaondolewa, na somo linachapishwa kwa wote.

Kwetu, baada ya ajali, tume inaundwa, sampuli za zege na nondo zinachukuliwa, ripoti inakabidhiwa kwa aliyeiagiza. Ni nadra sana kwa ripoti ya kiufundi, yenye namba za nguvu ya zege, idadi ya ringi na michoro ya msingi, kuwekwa mahali ambapo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ardhi au Nairobi anaweza kuisoma. Vyuo hivyo vina maabara na watafiti wanaochunguza majivu ya volkano, maganda ya mpunga na nondo za soko la ndani. Wanachokosa ni ushahidi wa majengo yetu yenyewe. Hofu ya serikali kwamba kuchapisha kutavuruga kesi mahakamani ina msingi, lakini mahakama inahitaji kujua nani alaumiwe, na mhandisi anahitaji kujua nguzo ilivunjika vipi. La pili linaweza kutolewa bila jina la mtu hata mmoja.

Kupima uzito

Kama sababu ni kuliwa kwa akiba na walaji wengi, dawa yenye thamani kubwa ni ile inayomkamata mlaji mkubwa zaidi mapema zaidi kwa gharama ndogo zaidi. Kwa kipimo hicho, kupiga marufuku aina ya saruji kunashika nafasi ya chini: gharama inawaangukia wajenzi wote, hata wa nyumba ya chumba kimoja, na maji yanabaki bila mlinzi. Kupima nondo kwa mizani kunapaswa kuwa jambo la lazima kwenye kila eneo la ujenzi wa ghorofa, kwa sababu karibu ni bure. Adhabu ibaki kwa ghorofa zisizo na kibali na uchimbaji usio na idhini, makosa yanayoonekana kwa macho na yanayofanywa kwa makusudi.

Fedha mpya, kwa maoni yangu, ziende kwanza kwa mtu wa tatu: fundi sanifu wa maabara asiyelipwa na mkandarasi, anayefika siku ya kumwaga nguzo na slabu, anapima koni, anachagua mwenyewe toroli la kuchukulia sampuli, na ana haki ya kusimamisha kazi. Gharama yake inaweza kukatwa kwenye ada ya kibali na kulipwa kupitia halmashauri. Mwenye jengo atalalamika kwamba anacheleweshwa siku kadhaa kwa kila ghorofa, na malalamiko yake ni ya kweli. Wapangaji pia watalipa kodi kubwa kidogo. Jengo la ghorofa tano haliwezi kuwa la haraka, la bei ya chini na salama kwa wakati mmoja katika soko ambalo kila toroli la zege linatofautiana na lililotangulia.

Kwa majengo yaliyopo, ukaguzi wa kuweka alama nyekundu ukutani bila pa kuwahamishia watu umeshindwa Nairobi na utashindwa kwingineko. Mpangaji anafuta alama kwa sababu hana pa kwenda. Kuna hatua inayotangulia ambayo haihitaji kumhamisha mtu: kushusha bidhaa. Ile nguzo ya mfano wetu, stoo ikiondolewa, inarudi kutoka tani 75 hadi 68 chini ya ukomo wa 73. Haijapona, kwa kuwa bado iko juu ya asilimia 80 ambako nyufa za ndani hukua, lakini imepata muda wa kutobolewa, kupimwa na kuongezewa koti la zege na nondo mpya. Kazi ya kushusha inaweza kuanza Jumatatu asubuhi kwa barua ya halmashauri na vibarua, katika kila jengo la makazi ambalo ghorofa zake za juu zimejazwa mabunda.